Bitcoin Ilipobisha Hodi Madukani

Tarehe 11 Agosti 1994, kijana mmoja wa Philadelphia aliagiza albamu ya mwanamuziki Sting kutoka duka la mtandaoni lililoitwa NetMarket. Alilipa dola 12.48 na gharama za usafirishaji. Kesho yake gazeti la New York Times liliandika habari za ununuzi huo mdogo, kwa sababu namba ya kadi yake ya benki ilikuwa imepita kwenye mtandao ikiwa imefichwa kwa namna ambayo mwizi wa njiani asingeweza kuisoma.

Tangu wakati ule biashara ya mtandaoni imetembea na kadi ya benki, ingawa kadi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ilibuniwa kwa ajili ya mteja anayesimama mbele ya keshia, akaonekana sura na kutia sahihi. Mtandaoni haonekani mtu. Zinaonekana namba kumi na sita, na namba huibwa. Mwizi akinunua televisheni kwa kadi isiyo yake, mwenye kadi hulalamika benki, benki humrudishia fedha zake, kisha fedha hizo hukatwa kwa mwenye duka, ambaye televisheni yake ilishaondoka. Juu ya hasara hiyo kuna makato ya asilimia 2 hadi 3 kwa kila mauzo. Kwa duka linaloishi kwa faida nyembamba, makato hayo pengine yanalingana na faida yenyewe.

Ndiyo maana watu walianza mapema kutafuta fedha ya mtandaoni isiyopitia kwenye kampuni za kadi. Mmarekani David Chaum, mtaalamu wa kuficha taarifa kwa hesabu, alianzisha kampuni ya DigiCash huko Amsterdam mwaka 1989. Mwaka 1995 benki moja ya St. Louis ikaanza kuwapa wateja fedha yake ya kidijitali, na mwaka 1998 DigiCash ikafilisika. Flooz ilizinduliwa mwaka 1999 kwa matangazo makubwa ya mwigizaji Whoopi Goldberg, na kufikia Agosti 2001 ilikuwa imefunga milango. Zote zilikuwa na kampuni moja katikati iliyotunza hesabu. Kampuni ilipokufa, fedha nayo ilikufa.

Bitcoin, fedha ya kidijitali isiyo na kampuni katikati, iliingia ili kulijibu tatizo hilo hilo. Andiko la kurasa tisa lililosainiwa kwa jina la Satoshi Nakamoto lilitolewa tarehe 31 Oktoba 2008, wakati benki kubwa za Marekani na Ulaya zinayumba, kwa hiyo wengi hulikumbuka kama hasira dhidi ya mabenki. Lakini ukilisoma kuanzia mstari wa kwanza wa utangulizi wake, utaona linaanza na biashara ya mtandaoni. Linaeleza kwamba wauzaji wanategemea taasisi za fedha kama msuluhishi wa lazima, kwamba malipo yanayoweza kurudishwa nyuma yanamlazimisha muuzaji kumshuku kila mteja na kumdai taarifa nyingi kuliko anazohitaji, na kwamba gharama ya usuluhishi inayafanya malipo madogo yasiwe na maana. Nakamoto alikuwa anaongea na mwenye duka.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu leo bitcoin inazungumzwa kana kwamba ilizaliwa ili inunuliwe, ifichwe na iuzwe ghali. Madai ya mwanzo yalikuwa mengine kabisa: iwe fedha ya kununulia vitu. Historia ya maduka yaliyoipokea ni historia ya madai hayo kuwekwa kwenye mizani, mbele ya watu, kwa tarehe zinazojulikana.

Hadithi ya piza imesimuliwa mno, nami nitaipitia haraka. Tarehe 22 Mei 2010 mtaalamu wa programu Laszlo Hanyecz, wa Jacksonville huko Florida, alilipa bitcoin 10,000 kwa piza mbili za Papa John's. Aliyezipokea bitcoin hizo hakuwa mgahawa. Alikuwa kijana wa California, Jeremy Sturdivant, aliyeagiza piza kwa fedha za kawaida na kumpelekea Hanyecz nyumbani. Mgahawa ulilipwa dola, wala haukujua kilichotokea. Mpangilio huu wa watu watatu, mteja anayetoa sarafu mpya, mtu wa katikati anayeibadilisha, na muuzaji anayepokea dola zake kama kawaida, ndio uliokuja kutumiwa na karibu kila duka kubwa lililotangaza kwamba linapokea bitcoin.

Muuzaji wa kweli aliyepokea sarafu yenyewe mkononi alionekana upesi, na alikuwa mkulima. Shamba la Grass Hill Alpacas huko Massachusetts liliuza soksi za manyoya ya alpaka kwa bitcoin mwaka 2011, na soksi hizo zikawa maarufu miongoni mwa wapenzi wa sarafu hiyo duniani kote. Mwaka huo huo lilizinduliwa soko la siri la mtandaoni la Silk Road, ambako dawa za kulevya ziliuzwa kwa bitcoin hadi Oktoba 2013, mwendeshaji wake, Ross Ulbricht, alipokamatwa katika maktaba ya umma huko San Francisco. Kwa muda fulani Silk Road ndilo lililokuwa soko lililothibitisha kwamba mfumo unafanya kazi, na sifa hiyo mbaya iliwaandama wauza soksi kwa miaka mingi. Shirika la WikiLeaks, linalochapisha nyaraka za siri, nalo lilianza kupokea bitcoin Juni 2011, baada ya Visa, MasterCard na PayPal kulifungia njia ya michango Desemba 2010. Kwa mara ya kwanza umma uliona kwamba kampuni chache zikikubaliana, mtu au taasisi inaweza kutolewa kwenye biashara ya dunia bila hukumu ya mahakama.

Hapo ndipo inapoingia tarehe ambayo mimi naiona kuwa muhimu kuliko ile ya piza: 15 Novemba 2012. Siku hiyo WordPress.com, kampuni inayowapa watu mahali pa kuchapisha maandishi yao mtandaoni na kuwauzia huduma za ziada, ilitangaza kupokea bitcoin. Sababu waliyoitoa haikuwa kupunguza makato. Walisema PayPal peke yake ilikuwa imezifungia nchi zaidi ya 60, na kampuni nyingi za kadi zilikuwa na vizuizi vya aina hiyo, vingine vya kisiasa, vingine kwa hofu ya utapeli. Wakaeleza kwamba mwandishi wa Haiti, Ethiopia au Kenya hapaswi kunyimwa nafasi kwa sababu ya matatizo ya malipo ambayo hana uwezo nayo.

Kenya ilitajwa kwa jina. Na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kununua kitu nje ya nchi kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala katika miaka ile anajua walichokuwa wanakizungumzia. Unajaza fomu, unafika kwenye orodha ya nchi, yako haipo. Au ipo, lakini kadi yako ya benki ya hapa haikubaliwi. Kwa miaka mingi Mtanzania aliweza kulipa kwa PayPal lakini hakuweza kupokea malipo, kwa maana kwamba mfumo ulimtambua kama mnunuzi, ukakataa kumtambua kama muuzaji. Mwandishi wa programu, mchora nembo, mfasiri, wote walikuwa na kazi ya kuuza na hawakuwa na njia ya kulipwa. Ajabu ni kwamba ndani ya nchi tulikuwa tumeshawapita wakubwa. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na mama anayeuza nyanya alikuwa anapokea malipo kwenye simu wakati Mmarekani bado anaandika hundi. Ukuta ulikuwa mpakani.

Malipo ya WordPress yalipitia BitPay, kampuni ya Atlanta iliyoanzishwa mwaka 2011 na Tony Gallippi na Stephen Pair. Kazi ya BitPay ilikuwa ile ile ya kijana wa California, ila kwa mkataba na kwa wingi: inapokea bitcoin kutoka kwa mteja, inampa muuzaji dola siku ya kazi inayofuata, inakata ada ndogo kuliko ya kadi. Mwaka 2013 ikafuata kampuni ya kusajili majina ya tovuti ya Namecheap, ikafuata Gyft iliyouza kadi za zawadi za maduka makubwa, na Novemba mwaka huo Shopify ikawafungulia njia hiyo maelfu ya maduka madogo yanayotumia mfumo wake. Mwezi huo huo bei ya bitcoin moja ikavuka dola 1,000. Nchini China kampuni tanzu ya Baidu ilikuwa imeanza kuipokea Oktoba, lakini Desemba 5 Benki Kuu ya China ikazizuia taasisi za fedha kujihusisha nayo, na Baidu ikaacha.

Kisha likaja duka la Utah.

Overstock.com lilikuwa duka la mtandaoni la samani, mashuka, mazulia na vyombo vya nyumbani, lenye mauzo yaliyopita dola bilioni moja kwa mwaka. Mkuu wake, Patrick Byrne, alikuwa na shahada ya uzamivu ya falsafa na ugomvi wa muda mrefu na madalali wa hisa wa Wall Street. Kwake bitcoin ilikuwa msimamo kuhusu fedha ambayo serikali haiwezi kuichapisha inavyotaka. Desemba 2013 alisema duka lake lingeanza kuipokea katikati ya mwaka uliofuata. Habari zilipoenea aliona akisubiri mwingine atamtangulia, akawaamuru mafundi wake waikamilishe kazi, na tarehe 9 Januari 2014 kitufe cha bitcoin kikawaka kwenye ukurasa wa malipo.

Inafaa kuangalia jinsi kilivyofanya kazi, kwa sababu ndani yake mna mambo yote yaliyokuja baadaye. Mteja alijaza kikapu chake kama kawaida. Akifika kwenye malipo, alichagua bitcoin, na skrini ikamwonyesha mraba wa QR, kiasi chenye tarakimu nane baada ya nukta, na saa inayohesabu dakika kurudi nyuma. Bei ya zulia ilikuwa ya dola wakati wote. Kiasi cha bitcoin kilikokotolewa palepale na kushikiliwa kwa dakika chache tu, maana baada ya hapo soko lingeweza kuwa limesogea. Mteja alielekeza simu yake, akathibitisha, yakaisha. Upande wa pili ilikuwapo Coinbase, kampuni ya San Francisco iliyoanzishwa mwaka 2012. Coinbase ndiyo iliyopokea bitcoin, ikabeba hatari ya bei kushuka, na kuiandikia Overstock dola. Mwanzoni Overstock haikubaki na bitcoin hata moja. Baadaye mwaka huo Byrne aliamua kuhifadhi asilimia 10 ya alichokipata.

Siku ya kwanza zilikuja oda zaidi ya 800, zenye thamani ya takriban dola 126,000. Kufikia mwanzoni mwa Machi mauzo ya bitcoin yalikuwa yamefika dola milioni moja. Wauzaji wengine wakaona, na foleni ikaanza: duka la kompyuta la TigerDirect na timu ya mpira wa kikapu ya Sacramento Kings mwezi huo huo wa Januari, Expedia kwa vyumba vya hoteli mwezi Juni, Newegg na Dell mwezi Julai, Microsoft mwezi Desemba. Septemba PayPal, kampuni ambayo WordPress iliitaja kama kizuizi, ikaingia mikataba na BitPay, Coinbase na GoCoin kwa ajili ya wauzaji wa bidhaa za kidijitali. Mtu aliyesoma magazeti ya biashara mwaka 2014 angeapa kwamba kadi ya benki imefika mwisho wake.

Mwaka ulipofungwa, Overstock ilikuwa imeuza bidhaa za kama dola milioni 3 kwa bitcoin, kati ya mauzo yote ya karibu dola bilioni 1.5. Ni kama senti 20 katika kila dola 100. WordPress ilieleza mapema mwaka 2015 kwamba mwaka uliopita bitcoin ilitumika kwao kama mara mbili tu kwa wiki, na ikaiondoa kwenye orodha ya malipo. Duka lile lililoipokea kwa sababu nzuri kuliko yote lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuiaga.

Kwa nini? Wapo wanaosema wauzaji hawakuwa na nia. Mimi sikubaliani, kwa kuwa wauzaji walifanya walichoombwa. Wateja ndio hawakuja, na walikuwa na sababu tatu nzito.

Ya kwanza ni kwamba aliyekuwa na bitcoin aliamini itapanda. Mtu anayeamini kwamba sarafu aliyonayo itakuwa mara kumi baada ya miaka miwili hainunulii mashuka. Kila mara bei ilipopanda, hadithi ya piza zile mbili ilisimuliwa upya kama onyo, na ikawafundisha watu kwamba kuitumia ni kujiibia. Upande wa pili, bei iliposhuka, na mwaka 2014 ilishuka kutoka zaidi ya dola 800 mwezi Januari hadi kama dola 320 Desemba, mwenye nayo aliona mkono unamuuma kuitoa kwa hasara. Ikipanda haitumiki, ikishuka haitumiki.

Ya pili ilitoka Washington. Tarehe 25 Machi 2014 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ilitangaza kwamba bitcoin ni mali, haihesabiwi kuwa fedha za nchi. Maana yake kila Mmarekani aliyenunua kikombe cha kahawa kwa bitcoin alikuwa ameuza mali, na alipaswa kuandika alivyoipata kwa bei gani, ameitoa kwa bei gani, na faida yake ni kiasi gani. Hakuna mtu anayenunua taa ya mezani akiwa na daftari la mahesabu ya kodi.

Ya tatu ni kwamba mteja mwenye kadi nzuri hakuwa na tatizo la kutatuliwa. Makato ya asilimia 3 humuuma muuzaji. Mteja hayaoni, tena kadi yake humpa pointi za zawadi na haki ya kurudishiwa fedha zake akitapeliwa. Bitcoin haikumpa lolote kati ya hayo. Malipo yakishathibitishwa yamekwisha, na kama muuzaji ni tapeli, huna wa kumlilia. Kile Nakamoto alichokiona kuwa ugonjwa wa muuzaji kilikuwa dawa ya mnunuzi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, andiko lile la kurasa tisa lilipojikwaa: lilimtazama mtu mmoja katika biashara ya watu wawili.

Hata hivyo maduka mengi yaliendelea kuiweka bitcoin kwenye orodha, kwani haikuwagharimu kitu. Kilichowafukuza ni uhaba wa nafasi ndani ya mfumo wenyewe. Bitcoin huandika malipo kwenye daftari la pamoja kwa mafungu, na kila fungu, linaloitwa bloku, lilikuwa na ukomo wa megabaiti moja na hutoka kwa wastani kila baada ya dakika kumi. Ni kama daladala yenye viti vilivyohesabiwa, inayoondoka kwa zamu yake bila kujali kituoni kuna watu kumi au elfu kumi, na kondakta anawaita kwanza waliotaja nauli kubwa. Mtandao mzima wa bitcoin duniani uliweza kupitisha kama malipo saba kwa sekunde. Kuanzia mwaka 2015 waendelezaji wa programu yake, wachimbaji (wenye kompyuta zinazoandika bloku) na wafanyabiashara waligombana vikali kuhusu kuongeza viti. Waliotaka bloku kubwa walijitenga tarehe 1 Agosti 2017 wakaunda sarafu yao, Bitcoin Cash. Waliobaki waliingia mwisho wa mwaka huo na viti karibu vile vile, wakati dunia nzima imekimbilia kituoni.

Bei ilipoelekea dola 20,000 Desemba 2017, mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, lilikuwa linapokea bitcoin tangu Aprili 2016, wakati ada ya kupitisha malipo ilikuwa kama senti 20 za dola. Tarehe 6 Desemba 2017 likatangaza kuacha: ada ilikuwa imekaribia dola 20. Michezo mingi ya Steam huuzwa chini ya dola 20. Kulikuwa na balaa jingine. Malipo yaliyowekewa ada ndogo yalikwama foleni, bei ikasogea wakati yanasubiri, na yalipofika hayakutosha tena. Duka likalazimika kumrudishia mteja tofauti au kumdai nyongeza, na kila mzunguko ulikuwa na ada yake mpya. Mchezo wa dola 10 ulikuwa unagharimu mara tatu ya bei yake kabla haujafunguliwa. Januari 2018 waandaaji wa mkutano mkubwa wa wapenzi wa bitcoin huko Miami walisitisha kuuza tiketi za dakika za mwisho kwa bitcoin, kwa sababu hiyo hiyo ya ada na foleni.

Januari hiyo hiyo ilifichuka kasoro huko Overstock ambayo nadhani inaeleza mengi kuhusu hali ya wakati ule. Coinbase ilikuwa imeanza kuwaruhusu wateja wake kutumia Bitcoin Cash. Kumbukeni kwamba zilikuwa sarafu mbili tofauti: moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 16,000, nyingine ya kama dola 2,500. Mwandishi wa habari za usalama wa kompyuta, Brian Krebs, alichagua taa za nje za sola za dola 78.27. Skrini ilimtaka alipe kiasi fulani cha bitcoin. Akatuma idadi ile ile ya Bitcoin Cash, yenye thamani ya kama dola 12, na duka likapokea. Kisha akaifuta oda. Duka likamrudishia fedha zake kwa bitcoin halisi, dola 78 na ushee. Kasoro ilikuwa imekaa hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuzibwa, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kulikamua duka usiku kucha.

Ilitokana na kosa la kuunganisha mifumo miwili, na makosa ya namna hiyo hutokea kokote. Lakini hili, nadhani, liliweza kukaa wiki kadhaa kwa kuwa njia yenyewe ya malipo ilikuwa inatumiwa na wachache mno.

Kuondoka kulikwenda haraka. Dell ilikuwa imeshaacha Oktoba 2017. Stripe, kampuni ya kupokelea malipo iliyokuwa imefungua mlango kwa bitcoin mapema kuliko wenzake, ilitangaza Januari 2018 kwamba itaacha tarehe 23 Aprili, ikisema bitcoin imekuwa mali ya kutunza zaidi ya kuwa njia ya kubadilishana. Expedia ikaacha mwezi Juni. Microsoft ikasita, ikarudi. Mwaka uliisha bei ikiwa chini ya dola 4,000. Byrne mwenyewe alijiuzulu Overstock Agosti 2019. Tesla ilipokuja kutangaza kuuza magari kwa bitcoin tarehe 24 Machi 2021, ikaacha tarehe 12 Mei kwa madai ya uchafuzi wa mazingira, ilikuwa ni marudio mafupi ya wimbo uliokwisha kuimbwa. El Salvador nayo iliifanya bitcoin kuwa fedha halali ya nchi Septemba 2021 na kuwabana wafanyabiashara waipokee. Januari 2025 ikabadilisha sheria yake ili kupokea kuwe hiari, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Kampuni ya BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka 2013 na Elizabeth Rossiello. Haikuuza mashuka. Ilitumia bitcoin kama daraja la kuvusha fedha mpakani: mtu wa Uingereza anatuma, ndugu yake anapokea shilingi kwenye M-Pesa. Huo ndio ukuta ambao WordPress iliutaja, na kwa maoni yangu hakuna aliyeitumia sarafu hii kwa akili zaidi katika miaka ile. Mwishoni mwa mwaka 2015 BitPesa ilikatiwa njia ya M-Pesa, ikaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikakataa kuamuru irudishiwe. Desemba ya mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ikawaonya wananchi kuhusu sarafu za kidijitali. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo lake Novemba 2019, ikisema matumizi na biashara ya sarafu hizo ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa teknolojia hiyo, na mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha sheria ya kuwapa leseni watoa huduma wa mali za kidijitali Oktoba 2025.

Kitu kinachoingia zaidi madukani sasa si bitcoin. Ni sarafu zilizofungwa kwenye dola, kila moja sawa na dola moja, kama USDC iliyoanza mwaka 2018 na Tether iliyoitangulia mwaka 2014. Stripe ilirudi uwanjani Oktoba 2024 ikipokea USDC, na mwezi huo huo ikakubali kuinunua kampuni ya Bridge, inayohudumia sarafu za namna hiyo, kwa dola bilioni 1.1. Juni 2025 Shopify ikatangaza kuwawezesha wauzaji wake kupokea USDC, na Julai Marekani ikapitisha sheria ya kuzisimamia. Dosari ya bei kupanda na kushuka imeondolewa, na dosari ya ada imepungua sana kwa kuwa sarafu hizi husafiri kwenye mitandao yenye nafasi kubwa. Lakini katikati amerudi mtoaji anayetunza dola na anayeweza kuzuia akaunti, mtu yule yule ambaye Nakamoto alitaka aondoke. Na kwa nchi zenye shilingi lipo swali zito zaidi: kila muuzaji wa Arusha au Mombasa akipokea dola za kidijitali, shilingi inabaki na kazi gani? Benki kuu zina haki ya kuliuliza swali hilo, ila zina wajibu pia wa kulijibu bila kumwacha muuzaji mpakani kwa miaka kumi mingine.

Wewe unayeuza kazi yako mtandaoni, usikatae njia hizi kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2017, wala usizikimbilie kwa sababu ya matangazo ya mwaka huu. Kabla hujaweka kitufe chochote kwenye ukurasa wako wa malipo, soma sheria ya nchi yako inavyosema leo. Mtake mtu wa katikati akuonyeshe kwa maandishi leseni yake, makato yake, na siku fedha zitakapoingia kwenye akaunti au simu yako. Na muulize jambo ambalo Overstock ilisahau kulihakiki: mteja akirudisha bidhaa, atarudishiwa sarafu ipi, na kwa bei ya siku gani.